Zamu ya Kofia

1

Kofia ilihama kichwa kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano. Ikipita ishirini, mtambo wa Mizani unapiga mlio, na mlio ukilia sista anakuja. Kwa hiyo tulijizoeza nyumbani kwa sufuria. Bi mkubwa anaingia saa saba mchana na bakuli la uji, anasukuma mlango kwa kisigino, anaweka bakuli chini, anavua ushungi. Mimi nimekwisha legeza mkanda wa kidevuni. Moja, mbili, tatu, nimetoka kitini, naye ameingia. Sita, saba, kofia iko hewani. Tisa iko kichwani kwake, na nyaya zake nyembamba kama katani zimekaa mahali pake. Namfunga mkanda huku ananisonya kwamba namkaba. Ikifika kumi na tano nimejitanda kanga yake, nimebeba bakuli la jana, natoka nje nikiuvuta mguu wa kushoto kama anavyouvuta yeye.

Askari wa getini alinisalimu kwa jina la bi mkubwa kila nilipopita. Siku moja akaniuliza presha yangu inaendeleaje. Nikamwambia imepanda, imependa mandhari ya huko juu, imekataa kushuka.

Ukishafika sabini kijana hakuoni uso. Anaona kanga, makunyanzi na mwendo. Wodi ile ilikuwa na macho kila kona ya dari, na chumba kizima cha vioo ambamo vijana wawili walikaa kutwa wakitazama mistari inayopanda na kushuka, na katika siku zote zile hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba kitini wanakaa vikongwe wawili kwa kupokezana.

Mimi ni Zaituni. Yeye alikuwa Mwanakombo. Tuliolewa na mwanamume mmoja, Shebughe, nyapara wa shamba la mkonge, na kwa miaka arobaini na moja tulimgawana kwa zamu, siku mbili kwake, siku mbili kwangu. Shebughe alipokufa tukaona aibu kuachana. Tukahamia nyumba moja, na zamu tukaendelea nazo: ya jiko, ya redio, ya kulala upande wa dirisha. Tuligombana kwa mambo yote ya dunia isipokuwa hilo. Hajawahi kuniibia siku, nami sijawahi kumwibia.

2

Aliyekuwa ng'ambo ya kioo, mbele ya kiti chetu, amelala chali na kofia ya pili kichwani, ni Sikudhani. Kwa damu alikuwa mjukuu wa Mwanakombo. Mama yake, mtoto pekee wa nyumba yetu, alifariki Sikudhani akiwa hajaota jino. Mimi sikujaliwa kuzaa, basi mapaja yangu yalikuwa hayana kazi, akalelewa hapo.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, rubani wa droni za kupulizia mkonge. Kazi nzuri. Kutwa amekaa kwenye paa la ghala na miwani yake ya kurushia, na dawa inanyesha shambani bila mtu kuloa. Huko ndiko wenzake walikomwonjesha ile sinto. Watu wazima wakisikia bangi ya maabara wanadhani ni bangi. Humo hamna jani hata moja. Ni maji ya kemikali yanayolowekwa kwenye karatasi, karatasi inakatwa vipande vya ukubwa wa stempu, unachoma unavuta au unaweka ulimini. Bangi ya babu zetu inabisha hodi kichwani. Hii inaingia na kubadilisha kitasa.

Tulimkuta juu ya lile paa amesimama wima, macho wazi, amejikojolea, hasikii. Droni yake ilikuwa bado inamzunguka kichwani. Ilizunguka mpaka betri ikaisha, ikaanguka miguuni pake, naye hakupepesa.

Ilikuwa mara ya tatu. Dokta Kaijage wa wodi ya sinto alipompima figo akatuita ofisini. Ofisi ile zamani ilikuwa chumba cha mizani ya kiwanda cha katani, ndiyo maana mtambo wao nao wakauita Mizani. Kijana mpole yule, ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama ziote. Alieleza taratibu kama anayeelezea watoto wa chekechea, nami nikaitikia kama mtoto wa chekechea, maana ukijifanya hujui unaelezwa mengi.

Alisema dawa ya kumtuliza hawana na hawatakuwa nayo, kwa sababu wapishi wa sinto wanabadilisha kemikali kila mwezi. Dawa ikipatikana, ugonjwa umekwisha vaa nguo nyingine. Kinachowaua hawa, alisema, ni arosto, yale mateso ya mwili unaponyimwa ulichozoea. Anaacha leo, kesho anatapika, keshokutwa anatetemeka, siku ya nne degedege, na figo za Sikudhani zisingefika siku ya nne. Basi wakabuni Mizani. Haigusi kemikali. Inagusa ile hamu yenyewe, inaichota kichwani mwa mgonjwa na kuimimina kichwani mwa mtu mzima aliyekaa pembeni, kidogo kidogo, huku ubongo wa mgonjwa ukipata nafasi ya kujisuka upya.

Huyo wa pembeni wakamwita muuguzaji, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani. Huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumwogesha, kumlisha, kulala chini ya kitanda. Hospitali imeongeza tu kofia.

Siku mbili za mwanzo Mizani haimimini, inakisoma kichwa cha muuguzaji ikizoee. Halafu siku nane inamimina, ikipima kila saa amechoka kiasi gani. Akichoka inapunguza, akipata nguvu inaongeza. Jumla siku kumi, mtu mmoja, kofia haivuliwi. Hilo la mtu mmoja alilisema mara tatu. Na pembeni ya kiti kuna kitufe chekundu. Ukizidiwa, bonyeza, uzi unakatika.

Nikamuuliza uzi ukikatika kinachobaki kinakwenda wapi.

Akatazama meza. Akasema kinarudi kilikotoka, chote kwa mpigo.

Mwanakombo alikuwa ameshakunja mikono ya gauni apimwe. Presha yake ilipotokea kwenye kioo, dokta alitikisa kichwa. Wakapima yangu, ikawa ya msichana. Jina likaandikwa Zaituni.

Tulipofika nyumbani Mwanakombo akaketi kizingitini, akavua viatu.

"Mjukuu ni wangu," alisema. "Umelea, sikatai. Lakini siku zangu huwezi kunichukulia, bi mdogo. Miaka yote sijakuchukulia zako."

Nilipaswa kukataa. Nilijua presha yake, nilijua kwamba akipanda ngazi tatu anaona nyota mchana. Lakini pia niliogopa kukaa kwenye kile kiti siku kumi peke yangu, na woga wangu nikauvika heshima. Nikamwambia haya, tutagawana kama kawaida, ila siku moja moja. Mimi siku ya kwanza, wewe ya pili.

3

Kosa letu lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo wale waliobuni Mizani wasingeliwaza hata wangekesha. Wao walidhani muuguzaji ni mtu. Sisi tulijua kuuguza ni zamu.

Siku ya kwanza mtambo ulisoma kichwa changu. Siku ya pili ukasoma cha Mwanakombo, ukidhani ni kile kile kimeota mawazo mapya. Ukachanganya, ukajifunza kichwa ambacho hakipo duniani, nusu changu nusu chake. Ulipoanza kumimina ukamkuta muuguzaji wa ajabu. Leo saa sita mchana amechoka hoi, saa saba na dakika moja ni mzima kama aliyetoka kuoga. Ukaona hapa nimepata trekta. Ukaongeza. Kesho yake ukaongeza tena.

Sisi hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba inauma.

Arosto ya mtu mwingine haifanani na maumivu yako. Ya kwako unajua inakotoka. Hii inakuja kama mgeni aliyekosea nyumba, anaingia mpaka chumbani, anavua viatu. Ngozi inakuwa ndogo kuliko mwili. Meno yanawasha kwa ndani. Unatokwa jasho baridi, na chini ya yote hayo kuna sauti inayokuambia kwamba kitu kimoja kidogo tu, ukubwa wa stempu, kitamaliza kila kitu. Nami sijawahi kuvuta hata sigara. Ugoro wenyewe nilionja mara moja nikapiga chafya mpaka Shebughe akadhani nalia.

Lakini nikigeuza macho kwenye kioo namwona Sikudhani. Siku ya tatu alilala bila kukunja ngumi. Siku ya tano akaomba ugali kwa dagaa, na sista akaja kutuambia hilo anakimbia, maana mgonjwa wa sinto hali chakula kabla ya siku ya nane. Vijana wa chumba cha vioo waliitana kuja kutazama mstari wake.

Siku ya sita ndiyo tuliyosikia kisa cha chumba cha nne.

Chumbani humo alilazwa kijana aitwaye Kibwana, fundi wa mabomba, na muuguzaji wake alikuwa kaka yake, mfanyabiashara wa vipuri. Kaka alikuwa mtu mwema, alikuwa anatugawia karanga. Asubuhi ile akapigiwa simu mzigo wake umefika stesheni, unahitaji sahihi ya kidole. Akavua kofia. Aliwaambia baadaye kwamba alidhani dakika moja haina neno, si anarudi sasa hivi. Hakubonyeza hata kitufe. Aliitundika kofia kwenye msumari kama ya mvua, ishirini ikapita, uzi ukakatika.

Mimi ndiye niliyekuwa kitini. Ukuta wa kiwanda ni mnene lakini nilimsikia Kibwana. Sitaeleza nilichosikia. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Halafu zikaja hatua za watu wengi, halafu hatua za watu wachache, halafu kitanda cha magurudumu kikapita taratibu, maana hakukuwa tena na haraka.

Kaka mtu alikaa ukumbini na karanga zake mfukoni mpaka wakaja kumchukua.

4

Siku ya nane, zamu ikiwa ya Mwanakombo, nilibaki baada ya kumvisha kofia. Mgeni wa chakula aliruhusiwa nusu saa. Nilikuwa na neno na sikujua nilianze wapi, nikaanza kwa kumwambia kwamba nimekula kalenda.

Hakucheka. Akauliza nimekula ya mwezi gani.

Nilimweleza. Siku zangu za kupumzika, ambazo ningepaswa kulala, sikuwa nalala. Kofia iko kichwani kwake, lakini hamu ilikuwa imebaki kwangu, imekaa, imejipangia. Nilikuwa najua ladha ya ile karatasi, chungu kidogo halafu baridi, na mimi sijawahi kuiona kwa macho. Jana yake nilijikuta nimesimama ukutani nachana kipande cha kalenda ukubwa wa stempu, nakiweka chini ya ulimi. Nikala kuanzia tarehe moja. Nilipofika kumi na nne nikajishika mkono.

Mwanakombo akawa anasugua magoti. Halafu akaniambia nifungue mkoba wake. Ndani ya bahasha ya plastiki mlikuwa na barua ya Shebughe, ile aliyomwandikia alipokwenda kufanya kazi Kilosa, ambayo miaka yote alikuwa ananitambia kwamba mimi sikuwahi kuandikiwa hata bahasha. Ilikuwa imebaki nusu. Pembeni palikuwa na alama za meno.

"Amebakia pale anaposalimia majirani," alisema. "Mapenzi yote nimeshakula."

Tulicheka basi. Tulicheka mpaka mstari wa Mizani ukaruka na sista akachungulia kwenye kidirisha, nami nikajitanda haraka. Tulipomaliza, ndipo tulipotazamana.

Nikasema tumwambie dokta. Nilimwambia midomo yake imeanza kuwa na rangi ya udongo, na jasho lake linanuka kama shaba, na kwamba sisi wawili sasa ni wagonjwa bila kitanda. Wakijua, watatutibu.

Akaniuliza wakijua watafanya nini kwanza.

Nilijua. Watakata uzi. Kanuni iliandikwa ukutani kwa herufi ambazo hata darasa letu la saba lilizisoma: muuguzaji akiathirika, uzi unakatwa mara moja. Na kilichobaki kinarudi chote kwa mpigo kwa yule pale, ambaye saa hiyo alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala mapajani pangu.

"Siku tatu," Mwanakombo alisema. "Nimewahi kukusubiri wewe na mume wangu zaidi ya hapo."

Nikachukua bakuli. Mlangoni nilimwambia akizidiwa asione haya, abonyeze. Akajibu niache kuvuta ule mguu kupita kiasi, yeye hachechemei namna ile.

5

Siku ya mwisho uzi ulikuwa unamalizika saa saba mchana. Zamu ilikuwa ya Mwanakombo. Mimi nilipaswa kuja wakati huo huo na uji, lakini nyumba nzima ilikuwa imekwisha karatasi, nikaona heri nitembee. Nilifika saa nne kasoro. Askari akaniuliza mbona mapema. Nikamwambia leo uji umeiva wenyewe.

Niliposukuma mlango nilimkuta amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kama anayepigwa picha. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Jicho la kushoto lilinitazama, la kulia lilitazama kitu kingine. Mguu wake ule mbovu ulikuwa unapiga sakafu tu, polepole.

Juu ya ukuta Mizani ilionyesha saa tatu na dakika nne zimebaki. Mstari wake ulikuwa mrefu na mzuri. Mtambo ulikuwa bado unadhani umepata trekta.

Nilipeleka mkono kwenye kitufe chekundu.

Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, ulinibana kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, kucha zikaniingia. Tukakaa hivyo. Nikatazama kwenye kioo. Sikudhani alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa kitandani, mara ya kwanza bila kushikiliwa, anachezea ncha ya shuka, anaikunja na kuikunjua. Alikuwa anajifunza vidole vyake. Hakuweza kutuona; kile kioo kilikuwa cha upande mmoja.

Nikibonyeza, watamkimbiza Mwanakombo chumba cha dharura. Huenda wakamuwahi. Na ng'ambo pale itakuwa chumba cha nne.

Nikimwita sista kwa mdomo, sista atabonyeza yeye. Ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Niliondoa mkono kwenye kitufe.

Nikamlegeza mkanda. Kumvua mtu anayejitegemeza ni kumi na tano. Kumvua mtu aliyelegea, ukiwa peke yako, ni hesabu nyingine. Nilihesabu kwa sauti ili nisilie. Saba nilikuwa bado natafuta kifungo. Kumi na moja kichwa chake kiliniangukia kifuani, kizito, kinanuka mafuta ya nazi. Kumi na sita kofia ilikuwa mkononi. Kumi na tisa ilikuwa kichwani kwangu na Mizani haikulia.

Sikuweza kumbeba, na uzi haukufika mbali. Kwa hiyo nilikaa chini sakafuni, nikamtelemsha taratibu, kichwa chake nikakiweka mapajani. Nilimlegeza gauni shingoni. Nilichovya pembe ya kanga kwenye maji nikamlowesha midomo. Sikujua lingine la kufanya. Saa tatu nzima nilibeba sehemu yake iliyobaki pamoja na yangu, na nikiwa mkweli, nusu ya muda ule sikuwa nafikiri juu yake wala juu ya Sikudhani. Nilikuwa nafikiri karatasi. Kanuni iliyobandikwa ukutani nilitaka kuibandua niitafune.

Nilimsimulia vitu. Nilimwambia kwamba ile sahani yake ya maua ni mimi niliyeivunja, si paka. Nilimwambia kwamba Shebughe, siku zangu, alikuwa akiita jina lake usingizini, na nilikuwa nampiga kiwiko. Alipumua kwa kukoroma mpaka kama saa tano na nusu. Halafu akawa anapumua kwa mbali, kama mtu anayetoka chumbani asiamshe watoto.

Saa saba Mizani ilibadilika rangi ikawa kijani. Ng'ambo ya kioo wakaingia vijana, wakamvua Sikudhani kofia, na mmoja akampigia makofi.

Ndipo nilipobonyeza kitufe.

6

Dokta Kaijage aliingia akitabasamu, amekuja kunipongeza. Akasimama. Akauliza yule aliyelala ni nani.

Nikamwambia huyo ni muuguzaji wako, na mimi pia.

Aliinama, akatazama paji la uso la Mwanakombo. Kofia ilikuwa imeacha alama, duara la vitone vyekundu. Akanitazama langu. Alikuwa kijana mwenye akili. Niliona anavyorudi nyuma siku moja moja, mstari mmoja mmoja, mpaka akafika siku ya kwanza. Akakaa chini sakafuni pamoja nasi, na koti lake jeupe.

Kesho yake wakanilaza. Kitanda kile kile cha Sikudhani, shuka zimebadilishwa. Kwa taratibu zao nilistahili Mizani, lakini Mizani inataka muuguzaji, na kichwa kilichopona hakiruhusiwi kubeba. Sikudhani aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Mwingine sina. Kwa hiyo mimi natolewa arosto kavukavu, kwa maji ya chumvi na mkanda wa kunifunga nisijiumize. Nimezuiwa karatasi za aina yoyote. Chakula naletewa kwenye sahani isiyo na kitambaa. Sista wa zamu ya asubuhi aliniacha karibu na kikasha cha dawa mara moja tu.

Siku ya nne, nilipopata fahamu ya kuongea, Dokta Kaijage alikuja akavuta stuli. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema ni lazima aniulize jambo, na akaniomba radhi kabla ya kuliuliza. Tangu wodi ifunguliwe hajapona mtu kama alivyopona Sikudhani. Wamempima kila kitu. Hamu imekwisha, si imepungua. Na sababu ni moja, Mizani iliweza kumimina zaidi kwa kuwa vichwa vilikuwa viwili. Wakubwa wake wameona. Wanauliza kama inaweza kufanywa kwa makusudi, kwa vipimo, labda wauguzaji watatu, labda wanne. Habari imeshavuja, na getini kuna familia zimekuja na orodha ya zamu, shangazi Jumatatu, mjomba Jumanne.

Aliniuliza mimi ningewaambia nini.

Nilimwambia niliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Tuliingia watatu. Mmoja anakula ugali, mmoja amezikwa, mmoja mmemfunga mkanda. Afanye ya kujumlisha au ya kutoa, apendavyo.

Akasema wale wa getini wanajua habari ya bi mkubwa. Wamekuja hivyo hivyo.

Hapo sikuwa na mzaha. Ningekuwa getini na mimi ningekuja hivyo hivyo, na sufuria ya kujizoezea.

Sikudhani huja kila siku alasiri. Amenenepa shingo. Anakata kucha zangu, ananisuka, anazungumza na sauti yake ya zamani ambayo nilikuwa nimeisahau. Hakuuliza kwa muda mrefu. Jana akauliza, huku amenishika kisigino.

"Bibi mdogo, bibi alisema nini? Mwishoni."

Nikamwambia, "Alisema nisibonyeze."

Akaegemeza uso kwenye miguu yangu akalia bila sauti. Ule ulikuwa mzigo wa kumtosha, nami nikauacha hivyo.

Mwanakombo hakusema neno. Mdomo ulikuwa umeshakwenda upande. Alinishika mkono, basi, na alama za kucha zake ninazo hapa, nne, zimeanza kuwa nyeusi. Mkono unaomzuia mtu na mkono unaomwomba mtu unabana sawasawa. Nimejaribu kwa mkono wangu mwenyewe, siku wanapofungua mkanda. Najibana hivi, najibana vile. Sioni tofauti.

Kiti cha muuguzaji wameniachia hapo pembeni, kitupu, sista akidhani nakitaka kwa ajili ya wageni. Inapokaribia saa saba mchana huwa nasikiliza kisigino mlangoni. Nasogeza miguu kidogo, apite. Zamu yake hajawahi kuchelewa.